Redio Iliyokula Kidogo

Watu wakisimulia historia ya redio Tanzania huanzia studio: Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Mimi niliyezeekea kwenye benchi la fundi redio, Morogoro, naianzia kwenye betri.

Redio nilizozikuta kwa mzee aliyenifundisha kazi zilikuwa za valvu. Ndani ya kila kichupa cha kioo mlikuwa na waya mwembamba uliopaswa kupata moto kwanza, ndipo elektroni zichomoke na kurukia bamba la upande wa pili. Zile za kubebwa zilidai betri mbili: ya volti 1.5 ya kupasha waya, na kubwa ya volti 90 ya kuzivuta elektroni. Hiyo kubwa ikifa, mwenye redio aliifunika kitambaa akangoja mavuno.

Transista ilizaliwa katika maabara ya Bell, Marekani, mwishoni mwa 1947. Wengi huisifu kwa udogo. Mimi naisifu kwa ulaji: haina cha kupasha. Mkondo kidogo ukiingia kwenye mguu uitwao beisi, mkondo mkubwa zaidi unaruhusiwa kupita kwenye miguu miwili mingine, sauti inakua. Betri nne za tochi zilizofuatana, yaani volti 6, zikatosha kuusikilizisha ukoo mzima.

Transista za mwanzo zilikuwa za jemaniamu, nazo haziwezi joto. Wakati wa kulehemu ulibana mguu wake kwa koleo ili joto liishie kwenye koleo. OC71 ilikuwa ya kioo kilichopakwa rangi nyeusi. Ukiikwangua rangi, mwanga tu unaongeza mkondo. Tulichezea zilizoharibika namna hiyo wateja walipoadimika.

Miaka ya 1960 Matsushita wa Japani wakajenga kiwanda Dar es Salaam, zikatoka betri na redio za National. Mwaka 1973 kampeni ya elimu ya afya, Mtu ni Afya, ikawakusanya watu kama milioni 2, vikundi kwa vikundi, wakisikiliza redio. Kwa valvu na betri za volti 90 mambo hayo yangeishia mjini.

Halafu ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bidhaa zikaadimika na betri nazo. Hapo ndipo nilipofundisha umeme kuliko wakati wowote. Mteja ananiletea betri nzee, anataka nizipime. Mita inasoma volti 1.3, anafurahi, tukiziweka kwenye redio, kimya. Namweleza: mita haili kitu, redio inakula. Ndani ya betri kuna ukinzani, nao hukua kadiri zinki inavyolika na uji wake unavyokauka. Ukidai mkondo, volti zinaishia humo humo ndani. Ndiyo maana kuzianika juani kulisaidia kidogo: joto huchangamsha kemikali na kupunguza ukinzani huo. Asubuhi bati zangu zilijaa betri za watu. Wengine walipanga sita au saba kwenye mwanzi uliopasuliwa, wakazifunga kwa mpira wa baiskeli, wakavuta waya mbili hadi ndani ya redio. Ilifanya kazi mpaka ikapachikwa moja mfu kabisa, maana mkondo wa zote lazima upite humo. Basi kutwa nzima kazi ikawa kutafuta ni ipi. Zilizokwisha hata kwa jua zilivunjwa, unga wake mweusi ukaenda shuleni kupaka ubao.

Mwaka 1994 Radio One ilipoanza Dar es Salaam, na vituo vingine vya FM vikafuata, wateja walileta National zao za zamani zenye masafa ya kati na masafa mafupi tu, wakitaka niwawekee FM. FM inahitaji sakiti nyingine tangu mlango wa antena. Nikifanya hesabu ya vipuri na ujira, redio mpya ya kutoka China iliyokuwa ikining'inia duka la jirani ilikuwa rahisi zaidi, na nikawaambia hivyo.