Kiti cha Geita: Historia Fupi ya Kanisa Kuu la Malkia wa Amani

Mgeni aliyezoea taarikhi za makanisa ya pwani, ambaye amekwisha kuitazama minara miwili ya Mtakatifu Yosefu kule Unguja, na kuingia katika kanisa la jina hilohilo la Dar es Salaam lililokamilika mwaka 1902, afikapo Geita mjini na kuonyeshwa Kanisa Kuu la Bikira Maria Malkia wa Amani, huenda akauliza, kwa adabu, ni kitu gani hasa alichoitiwa. Jimbo Katoliki la Geita liliundwa na Papa Yohane Paulo II tarehe 8 Novemba 1984 kwa kulimega Jimbo la Mwanza, na miaka 40 iliyotimia mwaka 2024 ni umri wa utotoni kwa kanisa kuu.

Hata hivyo, lau ningepewa mimi kazi ya kuwatembeza waumini waliotoka Nyarugusu, wachimbaji wa dhahabu, watu wa maduara na makarasha ambao aushi yao yote wamezoea kwamba kilicho cha thamani hakikai juu ya ardhi, nisingeanzia mlangoni wala kwenye madirisha, bali ningewapeleka moja kwa moja mbele ya kiti cha Askofu. Kwani kinachoipa nyumba hadhi ya kuitwa kanisa kuu si urefu wa kuta wala fakhari ya mapambo, bali ni kiti hicho. Na kiti, tofauti na jengo, kina nasaba.

Nasaba ya kiti cha Geita yaanzia ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, mahali paitwapo Kamoga, katika nchi ya Bukumbi. Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walitoka Bagamoyo mwaka 1878, wakafika Buganda mwaka uliofuata. Lakini mwezi Novemba 1882, walipoona kwamba mwenendo wa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, haukuwapa tena amani, walivuka Ziwa Victoria kuja kusini pamoja na watoto waliokuwa chini ya ulezi wao, na mwaka 1883 wakafanya maskani Bukumbi. Kwa hiyo kanisa la nchi ya Bukumbi lilianza kama kambi ya wakimbizi, jambo ambalo waandishi wengi wa historia za majimbo hulipita upesi mno. Kabaka Mwanga mwenyewe, alipopinduliwa mwaka 1888, alikuja akapata hifadhi kwa mapadre haohao. Na tarehe 25 Mei 1890, hapohapo Kamoga, Askofu Livinhac alimweka wakfu Padre Hirth kuwa Askofu. Naye Hirth, aliyekabidhiwa Vikarieti ya Nyanza Kusini mwaka 1894, ndiye aliyepeleka misheni hadi Rwanda mwaka 1900. Ni mengi yaliyotoka katika kituo kile kimoja.

Yaliyofuata ni mambo ya mipaka. Mwaka 1929 ikaundwa Vikarieti ya Mwanza. Mwaka 1953 ikawa jimbo kamili. Mwaka 1987 Mwanza ikapandishwa kuwa Jimbo Kuu, na Geita, kama Shinyanga, ikawa chini ya himaya yake. Askofu wa kwanza wa Geita, Aloysius Balina, alikaa hadi mwaka 1997 alipohamishiwa Shinyanga. Kiti kikabaki kitupu hata mwaka 2000 alipoteuliwa Damian Dallu, naye mwaka 2014 akaitwa Songea kuwa Askofu Mkuu, kiti kikabaki tena kitupu hadi mwaka 2016 alipokuja Flavian Kassala. Mwongozaji mwema asione haya kuitaja miaka hiyo ya upweke, kwani ubatizo na ndoa na mazishi havikungoja, na mzigo waliubeba mapadre, watawa na makatekista wa vigango.

Kutoka kitini twende kwenye kisima cha ubatizo, nipaoneapo pazito kuliko pote. Lavigerie alikuwa ameamuru mtu asibatizwe ila baada ya mafundisho ya miaka minne, amri kali kwa wamisionari wenye haraka ya kuhesabu waumini. Lakini athari yake ni kwamba wale waliobatizwa waliijua dini yao barabara, wakawa walimu wa wenzao. Katika ukanda wa dhahabu, ambako rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, hukusanya watu kwa juma moja na kuwatawanya kwa juma la pili, subira ya namna hiyo ni mtihani mkubwa.

Altare nayo ina habari ambayo wazee wangependa isitajwe, nami naona itajwe. Tarehe 26 Februari 2023 mtu mmoja aliingia humu usiku, akavunja sanamu, misalaba na vyombo vya ibada. Sheria ya Kanisa yataka mahali patakatifu palipotendewa kufuru ya namna hiyo pasitumike kwa ibada hata patakaswe kwa toba. Basi Askofu Kassala alilifunga kanisa kwa siku 20, na tarehe 18 Machi likafunguliwa tena. Wengi walijifunza katika siku hizo, kuliko katika mahubiri yoyote, maana ya nyumba kuwekwa wakfu.

Ziara ya kanisa hili inayokomea mlangoni pake haijatimia, kwani nasaba ya kiti chake yaanzia Bukumbi. Zamani mtu wa Geita aliyetaka kuiona Bukumbi alikuwa hana budi kungoja kivuko cha Busisi, pengine saa kadhaa. Lakini tangu tarehe 19 Juni 2025 lipo daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, na abiria aliyeondoka Nyarugusu alfajiri aweza kuikuta Kamoga kabla ya adhuhuri, na bado akabakiwa na wasaa wa kurudi nyumbani siku ileile.