Neno "Watazamaji" na Historia ya Michezo ya Kuigiza

Wafasiri na walimu wengi hutumia neno watazamaji kila wanapotaja watu waliokwenda kwenye mchezo wa kuigiza, na neno ukumbi kila wanapotaja mahali penyewe. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo mawili kwa historia: kwanza ya London, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, kisha ya wilaya za Mbulu na Hanang, ambako wanafunzi wengi hujifunza Kiswahili wakiwa tayari na Kiiraqw au Kidatoga vinywani mwao.

Elizabeth alitawala tangu 1558 hadi 1603. Mwaka 1576 James Burbage alijenga jumba maalumu la michezo huko Shoreditch, nje ya mamlaka ya wakuu wa jiji. Wakuu hao hawakuipenda michezo. Walidai kuwa inakusanya wavivu na wezi, na kwamba msongamano unaeneza tauni. Kila tauni ilipozidi, majumba yalifungwa. Mbao za jumba hilo la Burbage ndizo zilizojengea Globe, kusini ya mto Thames, mwaka 1599.

Tarehe 21 Septemba ya mwaka huo, Thomas Platter, msafiri kutoka Uswisi, alivuka mto baada ya chakula cha mchana akauona mchezo wa Julius Caesar katika jumba lililoezekwa nyasi. Alieleza pia malipo yalivyokuwa: peni moja kusimama chini, peni ya pili kupata kiti, peni ya tatu kukalia mto, mahali pa kuonea vizuri. Jua ndilo lililokuwa taa. Katikati ya jumba hapakuwa na paa, hivyo waliolipa peni moja walinyeshewa mvua iliponyesha. Wavulana walicheza nafasi za wanawake. Mapambo ya jukwaani yalikuwa machache. Usiku na dhoruba vililetwa kwa maneno ya wachezaji. Si ajabu basi kwamba watu wa zama hizo walisema pia kuwa wanakwenda "kusikia" mchezo.

Mchezo huo ndio alioufasiri Mwalimu Nyerere, ukachapishwa mwaka 1963, kisha ukatolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ndani yake umati wa Roma unasikiliza hotuba mbili juu ya maiti ya Kaizari, unajibu, na unageuzwa nia. Waliosimama mbele ya jukwaa la Globe walikuwa karibu mno na mzungumzaji, hata hotuba hizo ziliwaelekea wao pia. Mwanafunzi akiambiwa kuwa hao walikuwa "watazamaji ukumbini", atapata picha ya watu waliokaa kimya gizani, na nguvu ya hotuba itampotea.

Ilhali mwanafunzi wa Mbulu anao mfano ulio karibu zaidi. Wairaqw wana slufay (herufi sl huwakilisha sauti moja isiyokuwamo katika Kiswahili). Mzee husema kwa lugha ya kishairi, akiiombea nchi mvua, uzima na amani, na waliopo humwitikia. Pasipo mwitikio, slufay haikamiliki. Huko Hanang, Wadatoga humfanyia mzee mheshimiwa mazishi yaitwayo bung'ed: tuta la kaburi hujengwa kwa miezi kadhaa, na watu wengi hukusanyika kwa ajili yake. Hapo mtu hafiki kwa kulipa peni, bali kwa udugu na wajibu.

Yafaa ieleweke kwamba hatusemi slufay au bung'ed ni tamthilia. Ya kwanza ni sala na ya pili ni mazishi. Hakuna ajifanyaye mtu mwingine. Tunachosema ni kuwa aliyelipa, aliyeitikia na aliyefika kwa wajibu ni watu watatu mbalimbali, na neno watazamaji haliwatoshi wote, kwa kuwa linataja macho tu.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Neno la jumla liwe hadhira, ambalo limekwisha kuzoeleka katika ufundishaji wa fasihi, na ambalo ni la shina moja na hudhuria: hadhira ni waliopo. Waitikiaji litumike pale ambapo majibu yao ni sehemu ya tendo lenyewe. Kwa majengo ya zama za Elizabeth, yaliyokuwa wazi kama Globe, jengo zima liitwe jumba la michezo, kwa sababu uwanja wa michezo umekwisha kuchukuliwa na kandanda. Mahali pa kusimama paitwe uga. Na viti vya juu viitwe roshani. Ukumbi libaki kwa chumba chenye paa. Slufay na bung'ed yaachwe katika majina yake na kuelezwa, kwani kuyaita "hotuba" na "sherehe" ni kuyapunguza.

Tunawaomba walimu wa Mbulu na Hanang wayajaribu maneno haya darasani, na watuletee maoni yao kabla hayajapelekwa kusanifiwa.