Nani Aliyegundua Mzunguko wa Damu?



Katika karamu moja ya jumuiya yetu hapa Uingereza, baada ya pilau na kabla ya kahawa, mazungumzo yaliingia katika habari za tiba. Mzee mmoja tunayemheshimu sote alisema kwamba mzunguko wa damu uligunduliwa na mwanachuoni wetu Ibn al-Nafis, na kwamba Mwingereza William Harvey aliuiba miaka karibu 400 baadaye, akajichukulia sifa. Sote tukaitikia. Palikuwa na binti mmoja anayesomea uuguzi, akauliza kwa adabu: "Ami, aliuibaje? Kitabu chenyewe alikisomea wapi?" Hakuna aliyemjibu. Mmoja wetu akasema vijana wa siku hizi wamelishwa maneno ya wazungu, na binti akanyamaza. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokaa kimya.

Mimi si daktari. Ni mhandisi, na kwa zaidi ya miaka 25 kazi yangu imekuwa pampu za maji. Lakini tangu nilipoambiwa kwamba nina presha, nimekuwa nikisoma habari za pampu iliyomo kifuani mwangu. Leo nataka kulijibu swali la binti yule, ijapokuwa nimechelewa.

Kwanza tuitazame pampu yenyewe. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu na viwili vya chini huisukuma. Kwa hakika ni pampu mbili zilizoshikana, na katikati yake pana ukuta mnene wa nyama. Pampu ya kulia hupeleka damu kwenye mapafu, ambako huchukua hewa safi na kuacha ile chafu. Damu hiyo hurudi upande wa kushoto, nayo pampu ya kushoto huisukuma mwili mzima, kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, kisha ikarejea tena kulia. Mapafu yako jirani, kwa hiyo pampu ya kulia haihitaji nguvu nyingi. Ya kushoto ina safari ndefu, na ndiyo sababu kuta zake ni nene zaidi. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Kila pigo la moyo husukuma kiasi cha mililita 70, na kwa mapigo 70 kwa dakika hizo ni karibu lita 5 kila dakika. Kwa siku moja ni lita 7,000, yaani mapipa 35 ya lita 200. Pampu yangu yoyote ingefanya kazi hiyo miaka 70 bila kuzimwa, ningeipigia saluti.

Haya leo anayajua kila mwanafunzi wa sekondari, lakini kwa karne nyingi hayakujulikana. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 aliyewatibu wapiganaji wa michezo na hata wafalme wa Roma, alifundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, kisha viungo huinywa kama shamba linavyokunywa maji ya mfereji. Kwa maoni yake damu haikurudi, bali ilitumika ikaisha. Na ili sehemu ya damu ifike upande wa kushoto wa moyo, alisema hupenya katika ule ukuta wa kati kwa vitundu vidogo visivyoonekana. Galen alikuwa mtu hodari, lakini alipasua zaidi nyani na nguruwe, si maiti za watu. Maneno yake yakapokewa na wengi, hata Ibn Sina katika Qanun, kitabu kilichosomeshwa mashariki na magharibi.

Ndipo akaja Ibn al-Nafis. Alizaliwa katika nchi ya Sham mwanzoni mwa karne ya 13, akasomea tiba Damascus katika hospitali ya Nuri, kisha akahamia Cairo, ambako alifariki mwaka 1288. Wengi wetu tuliokulia pwani tutafurahi kujua kwamba alikuwa pia mwanachuoni wa fikihi ya Shafi, naye akiisomesha Cairo. Mnamo 1242, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, aliandika sharhe juu ya sehemu za Qanun zinazohusu maungo ya mwili. Alipofika kwenye moyo, alimpinga Galen na Ibn Sina waziwazi. Alisema ukuta wa kati ni mnene, hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana. Kwa hiyo damu ya upande wa kulia haina njia ila kupitia mapafu, ichanganyike na hewa humo, kisha iende kushoto. Na alisema lazima pawepo vijia baina ya mshipa unaoingia mapafuni na ule unaotoka.

Hili ni jambo kubwa, na hakuna aliyelisema kabla yake kwa maandishi tunayoyajua. Lakini tupime sawasawa. Alichoeleza ni mzunguko mdogo, wa moyo na mapafu. Hakusema kwamba damu inayokwenda mwilini hurudi yote moyoni na kuanza safari upya. Kwa habari ya ini na chakula, aliendelea na mafundisho ya zamani. Kumwambia mtu kwamba Ibn al-Nafis aligundua mzunguko wote wa damu ni kumvika kanzu isiyo yake, na huku anayo yake nzuri.

Sasa tuje kwa wanaoshtakiwa wizi. Ulaya, mzunguko wa mapafu uliandikwa na Mhispania Michael Servetus mwaka 1553, katika kitabu cha dini kilichosababisha achomwe moto Geneva mwaka uleule. Mwaka 1559 ukaandikwa na Realdo Colombo, mwalimu wa upasuaji nchini Italia. Je, walipata habari kutoka Cairo? Andrea Alpago, tabibu wa Kiitalia aliyeishi Damascus miaka mingi, alitafsiri sehemu ya maandishi ya Ibn al-Nafis kwa Kilatini, nayo ikachapishwa Venice mwaka 1547. Lakini sehemu hiyo ilihusu dawa za mchanganyiko, na habari ya mapafu haimo. Huenda kitu kilipita kwa mdomo. Huenda ni dhana, na kwa dhana hatuwezi kumhukumu mtu.

Harvey naye alikwenda kusoma ng'ambo kama wengi wetu. Alisomea Padua, Italia, na kuhitimu 1602, chini ya Fabricius, ambaye mwaka 1603 alichapisha maelezo ya vali zilizomo ndani ya mishipa. Fabricius aliziona vali lakini hakuijua kazi yake. Harvey alifunga kamba kwenye mkono wa mtu, akabonyeza mishipa kwa kidole, akaona kwamba damu hukubali kwenda upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Mtu wa pampu huielewa mara moja vali ya namna hiyo. Kisha akapiga hesabu. Tuseme kila pigo hutoa nusu aunsi tu, na moyo hupiga mara 1,000 kwa nusu saa. Hizo ni aunsi 500, zaidi ya kilo 14, nyingi kuliko damu yote ya mwilini! Ini gani, na chakula gani, kitaweza kutengeneza damu hiyo kila nusu saa? Basi lazima ni ileile inayozunguka. Aliyachapisha hayo mwaka 1628 katika kitabu cha kurasa 72. Na habari ya mapafu hakujidai kuwa ni yake, kwani alimtaja Colombo kwa jina. Vile vijia vya mapafuni vilionekana mwaka 1661, pale Mwitalia Malpighi alipotazama mapafu ya chura kwa hadubini. Harvey alikuwa amekwishafariki.

Na kitabu cha Ibn al-Nafis kilikuwa wapi wakati wote huo? Kilikuwa katika maktaba, kimelala. Nakala moja ilifika Berlin. Mwaka 1924 kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisomea udaktari Freiburg, Ujerumani, aliisoma na kuiandikia tasnifu yake. Hapo ndipo ulimwengu wa leo ulipopata habari. Ikawa karibu miaka 680 tangu wino ukauke, na aliyekifufua kitabu alikuwa mwanafunzi wa ughaibuni aliyejua kusoma maandishi ya kwao.

Kisa hiki kinaniuma kwa sababu yangu mwenyewe. Marehemu babu yangu alikuwa na kitabu cha tiba alichokiandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu na lugha ya Kiswahili, kimo ndani ya sanduku la mbao. Tulipoifunga nyumba ya mama nilikuwa na haraka ya ndege, nikaliacha sanduku sakafuni. Niliporudi baada ya miaka mitatu, mchwa walikuwa wamemaliza kazi yao. Sijui mlikuwa na nini ndani yake, wala hapana atakayejua. Hakuna mzungu aliyekiiba.

Kwa hiyo ndugu yangu, ikiwa nyumbani kwenu lipo sanduku kama hilo, utakapokwenda likizo lifungue, upige picha kila ukurasa, na umtafute anayeweza kuusoma.

Na wewe mwanangu uliyeuliza swali siku ile, swali lako lilikuwa la haki. Tuwie radhi.