Kufahamiana kikazi, si kujenga mtandao

Mhitimu wa chuo anayeishi Korogwe au Handeni akihudhuria semina ya ajira, hakosi kuambiwa aandike wasifu mzuri na "ajenge mtandao". Kauli hiyo ya pili ndiyo tafsiri iliyozoeleka ya neno la Kiingereza networking, na mahali pa kuitekeleza hutajwa kuwa LinkedIn, tovuti ya watu wa kazi iliyozinduliwa Mei 2003. Nadhani tafsiri hiyo inampoteza mhitimu. Kiingereza kinataja tendo, sisi tumetaja kitu. Na anayetafuta kitu hukihesabu. Ndiyo maana utamkuta mtu ana mamia ya watu kwenye ukurasa wake, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusema mwenzake anajua kufanya nini.

Mtandao lenyewe ni neno zuri, limetoka kwenye kutandaa, na tulikuwa nalo kazini kabla intaneti haijafika vijijini. MVIWATA, ulioanzishwa mwaka 1993, ni Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, na hapo neno limekaa mahali pake: vikundi vilivyotandaa nchi nzima na kushikana. Baadaye likabebeshwa mizigo mingine. Mtu wa Mkata akisema "mtandao hakuna" anazungumzia simu yake. Kwenye siasa, wanamtandao ni kundi lililomuunga mkono Jakaya Kikwete kuelekea uchaguzi wa 2005, na tangu hapo neno hilo lina harufu ya watu waliopangana. Kote huko mtandao ni kitu ambacho tayari kipo, na mtu yumo au hayumo. Neno hilo halisemi nani amfanyie nini nani. Neno kufahamiana linasema, kwa sababu kile kiambishi cha -an- hakikubali mtu mmoja: siwezi kufahamiana na mtu asiyenifahamu, hata nikibonyeza kitufe mara ngapi. Kwa hiyo napendekeza tovuti za aina hii tuziite mitandao ya kikazi, na lile tendo tuliite kufahamiana kikazi.

Ushahidi kwamba tendo hili lina uzito umekuwepo muda mrefu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyodai kwamba watu tunaofahamiana nao kwa mbali hutufaa kuliko wandani wetu linapokuja suala la kupata kazi. Alikuwa amewahoji wafanyakazi wa taaluma mbalimbali katika mji wa Newton, Massachusetts. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, chini ya asilimia 17 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walionana naye kwa nadra au mara mojamoja tu. Sababu yake si ngumu. Ndugu na rafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua, maana mnakaa baraza moja. Habari mpya hutoka kwa mtu wa baraza nyingine.

Sasa tuilete hoja hiyo kwenye mkonge. Chukua fundi aliyefanya kazi kwenye korona, ile mitambo inayokamua majani ya mkonge hadi zibaki singa, kwenye mashamba ya Korogwe kama Ngombezi, Magoma au Hale. Kwao ujuzi huo haumshangazi mtu: jirani anao, shemeji anao, na nafasi ikitokea wanaisikia wote siku moja. Lakini mkonge unalimwa pia Kilifi na Taita nchini Kenya, unalimwa Madagaska, unalimwa Brazili, na huko fundi anayejua kubadili visu vya korona bila kusimamisha kazi siku nzima si mtu wa kuokota njiani. Pale Hale palijengwa hata mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na gesi ya mabaki ya mkonge. Aliyewahi kuuhudumia ana jambo la kueleza ambalo mameneja wengi wa mashamba hawajawahi kulisikia kwa mtu aliyelifanya kwa mikono yake. Thamani ya ujuzi wake iko mbali na nyumbani kwake, na ndugu zake hawawezi kumfikisha huko. Wala kutegemea watu wasio ndugu si jambo geni kwenye mashamba haya. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwaleta vibarua, yaani manamba, kutoka mbali, na manamba hao wakajenga maisha yao Tanga katikati ya watu wasio wa ukoo wao, wakizikana kwa utani pale ndugu walipokuwa mbali.

Pingamizi la kwanza ni zito na ni la kwetu. Watasema: hicho unachokisifu ni kujuana, na kazi za kujuana ndizo zilizotuharibia ofisi. Ndiyo sababu nimelikwepa neno kujuana, ingawa kisarufi lingetosha. Mtaani limeshaoza, kama lilivyooza koneksheni. Ila tofauti iliyopo ni ya kimantiki pia. Undugu kazini maana yake uamuzi umeshafanyika kabla ya usaili. Kufahamiana kikazi kunaishia kwenye taarifa: kwamba nafasi ipo, na kwamba fulani ameonekana akiifanya kazi ya namna hiyo. Anayeamua anabaki na uhuru wa kukataa. Palipo na utaratibu usiohitaji hata taarifa ya mtu, hakuna sababu ya kuuchezea: ajira za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, maombi yanapita kwenye mfumo wake, na muuguzi anayetaka kazi hospitali ya Magunga asipoteze usiku wake akiwaandikia watu LinkedIn.

Pingamizi la pili linatoka kwenye utafiti, na hili halimalizwi kirahisi. Septemba 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe kwa miaka mitano, yakihusisha watumiaji zaidi ya milioni 20. Granovetter alithibitishwa, lakini kwa masharti. Waliosaidia zaidi walikuwa watu wa umbali wa kati: si wandani, wala si wale wa mbali kabisa. Tena faida ya watu wa mbali ilionekana kwenye sekta za kidijitali. Kwenye sekta zisizo za kidijitali, watu wa karibu ndio waliosaidia zaidi. Handeni na Korogwe, zenye mahindi, machungwa, mkonge na madini, ziko upande upi? Upande usiopendeza hoja yangu. Nakubali kwamba kibarua wa shambani ataendelea kuipata kazi kwa msimamizi anayemjua, na kwamba kwenye ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, linalopita wilaya hizi, njia ya kwenda kubeba mabomba haikuwa ile ya mhandisi wa usalama kazini. Lakini utafiti ule unaizika kabisa ile tafsiri ya kukusanya watu. Unamwelekeza mhitimu kwa mtu aliyekuwa darasa moja mbele yake chuoni, kwa aliyemsimamia mafunzo ya vitendo, kwa mwenzake wa zamani aliyehamia shamba la mkonge la Vipingo, Kilifi. Hao hawakusanywi. Unawarudia, wanakukumbuka.

Wapo watakaosema makundi ya WhatsApp yanatosha. Yana kazi yake, lakini mengi ni baraza ile ile iliyohamia kwenye simu. Tangazo moja hulipata mara nne kwa usiku mmoja, na mojawapo ni la matapeli wanaodai ada ya usaili. Kwenye mtandao wa kikazi mtu anaanza na ukurasa wake, na hapa makosa ni ya wazi. "Mhitimu, natafuta kazi yoyote" haimpi msomaji chochote cha kumkumbukia mtu. "Fundi mitambo, miaka minne kwenye korona, nimefunga na kurekebisha mota" inampa. Ujumbe wa kwanza nao uwe mfupi na wa adabu: "Shikamoo, mhandisi. Nilifanya mafunzo ya vitendo chini yako Ngombezi. Naomba kujua kama shamba mlilopo mnatumia korona za aina ile ile." Haujaomba kazi. Umeuliza jambo ambalo mhandisi huyo analijua na analipenda, na akijibu, ndipo wameanza kufahamiana.

Kuna atakayelalamika kwamba istilahi yangu ni ndefu. Ni kweli, na vijana wataendelea kusema koneksheni wakiwa vijiweni. Ila wenye kuandaa miongozo ya semina na wenye kutafsiri programu za simu wana nafasi ya kuchagua. Kile kitufe cha kumwalika mtu, badala ya "Unganisha", wakiandike "Omba kufahamiana", ili anayekibonyeza ajue kwamba yuko mtu upande wa pili anayeweza kusema hapana.