Nafasi Tupu Si Tupu: Historia Fupi ya Kupanga Mistari ya XML

Ukifungua faili ya XML iliyoandikwa na programu nyingine, mara nyingi unakuta mstari mmoja mrefu kama reli ya Mombasa. Basi tunabonyeza vitufe viwili vitatu, kihariri kinazisogeza tagi ndani ngazi kwa ngazi, nasi tunapumua. Lakini ndugu msomaji, ni nani aliyesema nafasi hizo hazina maana?

Tuanzie mbali. Mwaka 1969 Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie wa IBM walibuni GML, ambayo jina lake ni herufi za kwanza za majina yao. Humo ikazaliwa SGML, kiwango cha ISO cha mwaka 1986. SGML ilikuwa na sheria za kuamua mwisho upi wa mstari utupwe na upi ubaki, nazo zilikuwa ngumu kweli kweli. XML 1.0 ilipotoka Februari 1998, wabunifu wake walikata shauri: kila herufi isiyo alama ikabidhiwe programu inayosoma, nafasi tupu zikiwemo. Asiyetaka nafasi zake ziguswe aandike xml:space="preserve".

Vihariri navyo vina historia yao. Katika vi ya zamani, amri ya = ilipanga msimbo wa Lisp. Vim ya Bram Moolenaar (yule aliyewaomba watumiaji wake wawasaidie watoto wa Kibaale, Uganda) ilianza kupanga mistari kulingana na aina ya faili katika toleo la 6.0, mwaka 2001. Mimi hutumia gg=G kila siku. Ila hiyo hugusa tu mwanzo wa mistari. Mstari mmoja mrefu utabaki mmoja. Wa kuuvunja ni xmllint --format.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tazama hii:

<p><b>Mom</b><b>basa</b></p>

Kivinjari kitaonyesha "Mombasa". Weka kila b kwenye mstari wake na utasoma "Mom basa". Hilo ni dogo. Tangu mwaka 2002 kuna kiwango cha W3C cha kutia sahihi ya dijitali ndani ya XML, na hesabu yake huzijumlisha nafasi tupu zilizo kati ya tagi. Ankara iliyotiwa sahihi, ukiipanga vizuri na kuihifadhi, sahihi yake inakufa. Hakuna shilingi iliyobadilika, lakini mpokeaji ataikataa kama ya kughushi, na ana haki.

Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi: panga nakala, soma nakala, asili usiiguse. Na kama faili ni yako mwenyewe, ipange kabla ya kutia sahihi. Mpangilio ni wa macho yetu. Mashine huhesabu kila nafasi.