R: Lugha ya kompyuta ya kuchora grafu za bei na safari

R ni lugha ya kuandikia programu za takwimu. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo la 1.0.0 lilitoka Februari 2000. Haina malipo. Ukishaiweka kwenye kompyuta yako hapo Kampala, inafanya kazi hata bila intaneti.

Faida yake

Grafu ya karatasi huonyesha mstari tu. Grafu iliyochorwa kwa R na nyongeza yake iitwayo plotly hujibu maswali: ukigusa nukta unaona tarehe na bei, ukichagua miezi michache inapanuka, ukibofya jina la soko, mstari wake unaondoka.

Kwa nini ni muhimu? Wastani huficha mambo. Mpaka wa Katuna ulifungwa kwa malori Februari 2019, ukafunguliwa tena 31 Januari 2022. Katika kipindi hicho mizigo ya Kigali ilizungushwa kupitia Mirama Hills. Anayepanga nauli kwa wastani wa siku za safari wa miaka hiyo yote anachanganya njia mbili, na anaweza kupata hasara. Vilevile, Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaruhusu kwa masharti baada ya siku chache. Kwenye wastani wa mwaka, siku hizo hazionekani.

Jinsi ya kuanza

1. Tengeneza jedwali: tarehe, mpaka au soko, bidhaa, bei, siku za safari, maelezo. Lihifadhi kama faili la CSV.

2. Sawazisha vipimo. Kenya gunia la mahindi huhesabiwa kilo 90. Uganda bei hutajwa kwa kilo. Badili sarafu kwa kiwango cha siku ya mauzo, si cha leo.

3. Chora kila safari kama nukta kwanza, ndipo uongeze mstari wa wastani.

4. Hifadhi grafu kama faili la HTML. Mshirika wako wa Nairobi ataifungua kwa kivinjari bila kuwa na R.

Ukitaka vitufe vya kuchagua mpaka au bidhaa, tumia Shiny, nyongeza iliyotoka mwaka 2012.

Tahadhari: grafu huonyesha siku lori lilipochelewa, haisemi sababu. Sababu iandikwe kwenye safu ya maelezo siku hiyo hiyo, dereva akiwa bado anaikumbuka.