Utohozi: Istilahi ya Kuipimia X-Men

Toleo la kwanza la katuni za X-Men, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, lina tarehe ya Septemba 1963. Filamu ya kwanza ya kundi hilo la mashujaa ilitoka Marekani Julai 2000, mwongozaji akiwa Bryan Singer. Kati ya karatasi ile na skrini hii kuna kazi ambayo Kiingereza huiita "adaptation", na ambayo sisi mashabiki tunaoongea Kiswahili huizunguka bila kuitaja. Husema filamu "imetokana na" katuni, au "imetengenezwa kutoka" kwenye katuni. Maneno hayo yanaeleza ilikotoka tu. Katuni ilifanywa nini njiani, hayasemi, na ugomvi wote wa mashabiki uko huko njiani.

Kwa kukosa jina la kazi yenyewe tumebaki na kipimo kimoja: imefuata au haikufuata. Wolverine wa katuni ni mfupi, futi tano na inchi tatu. Hugh Jackman, anayemwigiza, ana zaidi ya futi sita. Haikufuata. Wolverine huvaa njano. Filamu imemvika ngozi nyeusi. Haikufuata. Shabiki anaweza kuorodhesha makosa ya namna hiyo usiku kucha asiambue hukumu yoyote juu ya filamu kama filamu. Makala hii inapendekeza neno utohozi liwe jina la kazi hiyo ya njiani, na inalijaribu kwa filamu ya 2000, ambayo naipenda lakini nina kesi nayo.

Tuanze na maneno yanayoshindana nalo. La kwanza ni tafsiri. Katika mabanda ya video, filamu iliyowekewa sauti ya msimulizi wa Kiswahili huitwa filamu iliyotafsiriwa. Anachofanya msimulizi, awe Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, kinapita tafsiri kwa mbali: hutania wahusika, huwapa majina na hupachika misemo ya mtaani. Hata hivyo jina limeshakaa, na linataja jambo la lugha, maneno ya kule kuwa maneno ya huku kwetu. Mwalimu Nyerere alipoigeuza tamthilia ya Shakespeare ikawa Mabepari wa Venisi, tamthilia ilibaki tamthilia. Katuni inayogeuka filamu inaweza kubaki katika lugha ileile ya Kiingereza na bado ikawa imebadilika mwili mzima.

La pili ni uhawilishaji. Neno hili limezoeleka Tanzania kupitia uhawilishaji wa fedha kwa kaya maskini. Lakini fedha ikihawilishwa hubaki fedha ileile, kiasi kilekile. Kilichobadilika ni mkono ulioishika. Likitumika kwa filamu, neno hili linamuunga mkono yule shabiki wa orodha, kwa maana linaahidi mzigo utafika ulivyofungwa. La tatu, urekebishaji, lina kasoro ya upande wa pili: hurekebishwa kilichoharibika, na katuni haikuwa imeharibika.

Kutohoa ni kitenzi tunachokijua kutoka madarasa ya lugha. Ni kulichukua neno la lugha nyingine na kulifinyanga hadi likubaliane na matamshi na sarufi ya Kiswahili. Mfano ulio bora kuliko yote tunaushika mkononi kila siku. Kiarabu kina kitab, wingi wake kutub. Kiswahili kiliongeza irabu mwishoni, kisha kikaisikia silabi ya kwanza kana kwamba ni kiambishi cha ngeli ya KI-VI, na wingi ukawa vitabu. Kilichokuwa sehemu ya mzizi wa Kiarabu kimekuwa kiambishi cha Kiswahili, na hakuna anayelalamika kwamba kutub imesalitiwa. Gereji nazo zilifanya hivyohivyo: neno la Kiingereza mudguard, bati la kukinga tope, likawa madigadi, na kwa kuwa neno limeanza na ma-, mafundi wakajipatia digadi moja.

Neno lililotoholewa vizuri hutimiza masharti mawili. Kwanza, linatii sarufi ya nyumba mpya bila kuhitaji mkalimani. Pili, maana yake inatambulika, hata kama imepanuka au imepungua kidogo. Sharti la kwanza likikosekana, neno hubaki mgeni mdomoni. La pili likikosekana, tunabaki na sauti tupu. Masharti haya yakihamishiwa kwenye filamu yanatupa maswali mawili: je, hadithi imeikubali sarufi ya skrini? Je, kilichowafanya watu waipende kwenye karatasi bado kipo?

Umbo la neno nalo halitusumbui. Komboa hutupa mkombozi na ukombozi. Tohoa hutupa mtohozi na utohozi. Filamu itakuwa imetoholewa, na katuni iliyotangulia tutaiita katuni chanzi, kwa mfano wa matini chanzi ya wataalamu wa tafsiri. Faida ya ziada ni kwamba mwandishi wa hati ya filamu, mtu anayesahaulika kirahisi, anapata cheo. David Hayter, anayetajwa kuwa mwandishi wa hati ya X-Men, ni mtohozi.

Sasa tuijaribu istilahi, tukianza na yale magwanda. Katuni za zamani zilichapwa kwa rangi chache kwenye karatasi duni, ndani ya visanduku vidogo. Njano na buluu kali zilikuwa na kazi ya kumtenganisha shujaa na mandhari ili jicho limwone mara moja. Hiyo ni sarufi ya ukurasa. Kwenye skrini, mwanga, mwendo na ukaribu wa kamera huifanya kazi hiyo, na kitambaa kinachobana cha rangi ya ndizi kingeweza kuwachekesha watazamaji wa 2000, mwaka mmoja tu baada ya The Matrix kuwazoesha nguo nyeusi. Filamu yenyewe inalitania jambo hili, Cyclops akimuuliza mwenzake Wolverine kama angependelea nguo za njano. Mwaka uliofuata katuni zenyewe, chini ya Grant Morrison na Frank Quitely, zikawavika mashujaa jaketi za ngozi: chanzo kikakopa kutoka kwa mkopaji. Lakini 2024 Jackman alivaa njano kamili katika Deadpool & Wolverine, kinyago kikiwemo, na mashabiki wakashangilia. Sarufi ya skrini nayo hubadilika kadiri watazamaji wanavyozoea. Utohozi una tarehe yake.

Mfano wa pili ndio ninaouheshimu kuliko yote. Magneto, adui wa X-Men, katika toleo la 1963 hana historia. Anavamia kambi ya kijeshi ya Marekani kwa sababu ni mwovu, basi. Ni Chris Claremont, mwandishi aliyezishika katuni hizo tangu 1975, aliyempa mwanzoni mwa miaka ya 1980 utoto katika kambi za mauaji za Wanazi. Filamu inaanza papo hapo: Poland, 1944, mvua, mtoto anatenganishwa na wazazi wake, ananyoosha mkono na lango la chuma linapinda. Hakuna hotuba wala msimulizi wa kueleza kwamba mtu huyu hatawaamini tena wanadamu wa kawaida. Katuni ilihitaji karibu miaka 20 kumfikisha Magneto hapo. Skrini ilihitaji dakika chache. Aliyefuata matoleo ya mwanzo neno kwa neno angekosa kitu bora kabisa kilichokuwemo kwenye chanzo.

Mfano wa tatu uliwaudhi wengi. Rogue wa katuni aliingia 1981 akiwa adui. Kwa kumgusa, alimnyonya shujaa Carol Danvers nguvu zake zikamganda, akawa mwanamke anayeruka na kuvunja kuta. Rogue wa filamu ni msichana anayeogopa ngozi yake mwenyewe, kwa sababu busu lake la kwanza lilimpeleka kijana wa watu katika kuzirai kwa muda mrefu. Nafasi yake kando ya Wolverine, ile ya binti anayelindwa na mtu mkali, kwenye katuni ilikuwa ya Kitty Pryde na baadaye ya Jubilee. Mtohozi amewakunja watatu ndani ya mmoja. Naona alikuwa na haki. Filamu ya kundi ina tatizo ambalo katuni ya kila mwezi haina: dakika 104, wahusika zaidi ya kumi, na mtazamaji ambaye huenda hajawahi kusikia habari zao. Anahitaji mgeni mwenzake wa kuingia naye mlangoni. Na lile lililo kiini cha Rogue, uchungu wa kutoweza kumgusa umpendaye, limebaki zima.

Kesi yangu ni ya Storm. Ororo Munroe alitokea 1975 katika Giant-Size X-Men ya Len Wein na Dave Cockrum, toleo lililokusanya kundi jipya kutoka pande nyingi za dunia: Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mjapani, na yeye, ambaye Profesa Xavier, mwanzilishi wa kundi, anamkuta Kenya. Mama yake ni Mkenya, baba yake mpiga picha Mmarekani. Wazazi walifia Cairo nyumba yao ilipoporomoka, naye akafukiwa nao kwenye kifusi. Ndiyo maana mwanamke anayeamuru radi huishiwa nguvu akiwekwa katika chumba kidogo. Baadaye alikuwa kiongozi wa kundi, na 1986 alimshinda Cyclops katika pambano la kugombea uongozi wakati yeye mwenyewe hana nguvu zozote.

Filamu ilichukua nywele nyeupe, radi na jina. Halle Berry alipewa lafudhi yenye kudokeza Afrika, na katika filamu ya pili, ya 2003, lafudhi ikatoweka bila maelezo. Cairo haimo, kifusi hakimo, uongozi haumo. Hapa sharti la kwanza limetimia, maana radi inapendeza sana kwenye skrini, na la pili limevunjika: sauti imefika, maana haikufika. Zile dakika 104 zilidai malipo kutoka kwa mtu, na aliyelipa ni mhusika pekee mwenye asili ya Afrika Mashariki.

Je, dawa ilikuwa kufuata chanzo? Hapana, na hapa ndipo istilahi inapotusaidia kuliko lile swali la kufuata na kutofuata. Kenya ya katuni ile ya 1975 ni mbuga isiyo na miji, ya watu wanaomwomba mvua binti nusu uchi na kumwita mungu. Hata jina la mama yake, N'Daré, limeandikwa kana kwamba Nairobi ilitawaliwa na Wafaransa. Utiifu ungetuletea upuuzi huo wote kwenye skrini kubwa. Mtohozi mzuri angekiacha kile kilichokuwa ubwege wa wachoraji wa mbali, akabeba kifusi, hofu na uongozi. Kumbe kutohoa kunampa mtu nafasi ya kukihukumu chanzo, wakati kufuata hakumpi nafasi hiyo.

Istilahi inamudu pia kesi zisizo na jibu moja. X-Men: Days of Future Past, filamu ya 2014, imetoholewa kutoka hadithi ya 1981 ambamo fahamu za Kitty Pryde hurudishwa nyuma katika wakati ili kuzuia mauaji ya kisiasa. Filamu ilitaka kurudi 1973, mwaka ambao Kitty hajazaliwa, ikamtuma Wolverine asiyezeeka. Kwa sarufi ya skrini ni hesabu safi, tena Jackman ndiye aliyekuwa nyota wa mfululizo. Lakini msichana aliyebeba hadithi amegeuzwa mtu wa kukaa pembeni akishika kichwa cha mwingine. Nikiulizwa kama filamu ile ni nzuri, nasema ndiyo. Nikiulizwa kama ni utohozi mzuri, natoa jibu lenye pande mbili, na kuweza kuyatenganisha maswali hayo ni sababu ya kutosha ya kuwa na neno hili.

Atakayepinga atasema utohozi ni mali ya wanaisimu na kuupeleka sinema ni kuleta mkanganyiko. Sioni hatari hiyo. Mzizi ni wa mti na ni wa neno, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuchimba chini ya kitenzi. Muktadha hulinda maana. Ninachokubali ni kwamba neno lisitanuliwe hadi likose mipaka: filamu inayoendeleza filamu iliyotangulia haijatohoa kitu, na inayowaazima wahusika majina tu haistahili heshima hiyo.

Kwa kipimo hiki, X-Men ya 2000 imemtohoa Magneto kwa ustadi, imemtohoa Rogue kwa ujasiri, na Storm imemwazima jina. Shabiki asiyekubaliana na hukumu hiyo anakaribishwa, ila asinijie na futi za Wolverine. Anionyeshe ni wapi kwenye skrini maana ya Ororo ilifika.